Kisu cha Ajida Heri na Moto Mmoja wa Lusangi

Wazee wetu, mashehe na makatekista, ndugu mliotoka Kasongo, Kabambare na Salamabila, majirani wote, na nyinyi watoto mlioketi mbele kwenye mikeka, familia imemtuma mwalimu Dorothée, ambaye wengi wenu aliwafundisha kusoma, asimame mbele yenu kama dada mkubwa wa marehemu, awasomee safari ya mdogo wake tangu siku aliyozaliwa mpaka jana alfajiri, kisha tutambeba.

Tunajua kwamba tangu jana kuna swali linalozunguka jikoni na chini ya turubai, kwamba mtu aliyewachinjia watu wa Lusangi mbuzi wa sikukuu anaombolezwa kwa maharage na sombe ya majani ya muhogo, wala hakuna hata kuku aliyefungwa mguu nyuma ya nyumba, na shangazi mmoja amesema kwa sauti aliyotaka tuisikie, "Hawa watu, uchoyo yao imefika mpaka kwa maiti." Hatukumjibu, kwa sababu jibu lake ni refu kama maisha ya Heri, nasi tunamwomba shangazi alisikilize mpaka mwisho.

Marehemu Heri alizaliwa hapa Lusangi, siku ya Jumamosi tarehe 16 Februari 1974, mtoto wa tatu na wa mwisho wa mzee Ayoubu, mkulima wa mpunga na karanga, Mwislamu, na wa mama Cécilia, Mkatoliki, binti wa katekista, ambao waliishi chini ya paa moja miaka yote bila mmoja kumwomba mwenzake abadili njia yake ya kusali. Baba alipenda kusema kwamba mtoto huyu alijua kuchagua siku, Ijumaa ni ya baba, Jumapili ni ya mama, naye amekuja kukaa katikati, na walipotafuta jina wakatafuta lile ambalo halingegombaniwa na mtu yeyote, wakampa Heri.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapa Lusangi kuanzia Septemba 1980 mpaka Julai 1986, mtoto mtulivu, mwandiko wake mzuri, hesabu zake za kusukumwa, kisha akaenda Kasongo kwa masomo ya sekondari, akikaa kwa mjomba karibu na soko, akirudi nyumbani kila likizo kwa baiskeli, magoti yamejaa vumbi jekundu na mfukoni ana kipande cha sabuni kwa ajili ya mama. Alisoma miaka minne, na mwaka 1990, baba alipovunjika mguu shambani, akaacha masomo akarudi kushika jembe, wala hatukumsikia akilalamika.

Shule yake nyingine ilikuwa kisu cha baba, na kwa watoto ambao hawakuwahi kuziona siku zile, ni vizuri tuzieleze taratibu. Katika Lusangi ya wakati ule mbuzi wa Krismasi na wa Pasaka alinunuliwa na Wakristo, lakini aliyemchinja ni mzee Ayoubu, ili jirani Mwislamu naye aweze kula, na siku ya Idi makatekista walileta kuni na mchele, na nyama yote iliingia katika sufuria moja, juu ya moto mmoja, pale penye uwazi kati ya msikiti na kanisa, na watoto walipewa chakula juu ya majani ya mgomba bila kuulizwa wanatoka nyumba gani. Watu walipomsifu, mzee Ayoubu alicheka akawaambia, "Mwislamu iko na kisu, Mukristu iko na mbuzi, njaa iko ya wote."

Heri alikuwa mshika miguu wa baba yake, na kwa miaka mingi alifundishwa kila hatua, kwamba kisu kinanolewa mbali ili mbuzi asikione, kwamba mbuzi anapewa maji kwanza, analazwa kuelekea kibla, na jina la Mungu linatajwa kwa sauti kabla mkono haujashuka, maana mnyama huyu si wako, una muda mfupi tu wa kumwomba Mwenyewe ruhusa. Wale tuliokua pamoja naye bado tunausikia moshi ule wa asubuhi, tunasikia wanawake wakipigana mafumbo wakimenya vitunguu, tunamwona Heri akirudi kutoka kijitoni na kisu kilichooshwa, amekishika kwa mikono miwili kama mtoto anayebeba yai. Baba alifariki tarehe 3 Machi 1999, na kisu kikabaki kwake.

Tarehe 12 Julai 2002 alifunga ndoa mjini Kasongo na bibi Faridah, fundi wa kushona nguo, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto watatu, Dieudonnée aliyezaliwa mwaka 2003, Iliasi mwaka 2006, na Victoire mwaka 2010, na ukiyasikia majina hayo utajua kwamba ile Jumamosi yake hakuitoka.

Januari 2004, wakati majeshi ya nchi yalipokuwa yanaunganishwa baada ya vita vya miaka ile, Heri aliingia jeshini, na mama alipomuuliza sababu alisema amechoka kuona bunduki zisizo na baba, anataka kushika ile yenye baba, inayoulizwa wapi imelala na kwa nini imelia. Mama Cécilia alimfungia rozari ndani ya kitambaa, akamwambia achukue na kisu cha mzee Ayoubu, kwa sababu huko jeshini pia watu wanakula, akaondoka na vyote viwili katika mfuko mmoja.

Alitumwa Ituri mwaka 2005, kisha Kivu ya Kaskazini mwaka 2008, akapanda cheo polepole mpaka ajida, na huko kote askari walijua kwamba mbuzi akipatikana aitwe Heri, ili wote wale. Bwana Déo wa Kasongo, Mprotestanti, aliyelala naye katika hema moja kwa miaka mingi na ambaye amekuja leo kwa pikipiki kutoka Kindu, ametusimulia jinsi usiku wa kabla ya operesheni padri, mchungaji na shehe walivyokuja kwa zamu kuombea ushindi, na jinsi Heri alivyobaki anafikiri, akamwambia kwamba kule ng'ambo ya mlima nako kuna mama za watu wanaoomba hivyo hivyo kwa jina hilo hilo, na kwamba hajui Mungu anazipokeaje simu mbili zinazolia pamoja. Déo alikuwa mtu wa utani, na siku moja akimtazama rafiki yake akimnywesha mbuzi maji kabla ya kumchinja, akamwambia, "Ajida, mbuzi yako inakufa na sala, sisi tutakufa na vumbi," wakacheka wote wawili, lakini neno lile lilimwingia Heri kama mwiba mdogo, usioonekana, unaosubiri siku ya kuvimba.

Mwaka 2017 alitumwa kwenye kikosi cha barabara ya Salamabila, yaani alirudishwa kwao, lakini na bunduki, kulinda wasafiri na wachimba dhahabu dhidi ya wapiganaji wa porini ambao wengi wao walikuwa vijana wa vijiji hivi hivi. Asubuhi moja ya Agosti 2018 msafara wao ulishambuliwa kwenye kona yenye mianzi, wakafyatua risasi kuelekea msituni, muda si mrefu pakawa kimya, na walipoingia wakamkuta kijana mmoja amelala kando ya njia, na shingoni mwake, juu ya uzi mmoja, alikuwa amevaa hirizi ya ngozi yenye aya za Kurani, na pembeni yake msalaba mdogo wa rozari.

Heri alipiga magoti akamfumba macho, na alivyomwambia Déo baadaye, hakujua kama risasi ile ilitoka kwake au kwa mwingine, wala hakutafuta kujua, lakini alipouona uzi ule aliijua nyumba iliyoufunga, nyumba yenye baba wa Ijumaa na mama wa Jumapili, nyumba kama yetu.

Kwa kuwa upande wao hakuna aliyeanguka, jioni komanda alitoa mbuzi kuwashukuru askari, akamwita mchinjaji wake kama desturi, naye Heri akafanya yote aliyofundishwa, akanoa mbali, akatoa maji, akamlaza mbuzi kuelekea kibla, akafungua kinywa, na jina halikutoka. Alikaa hivyo mpaka wenzake wakaacha kuzungumza, kisha akamfungua mbuzi kamba, akasimama mbele ya komanda, akasema, "Mbuzi ninamuombea ruhusa, chef. Ule mutoto ya asubui, hakuna mutu aliyemuombea. Huu mukono hauwezi tena." Komanda hakuwa mtu mbaya, hakumpa adhabu, akasema basi leo tukule ndagala, na kikosi kizima kikala samaki wakavu, na mbuzi yule akazunguka kambini mpaka wakamzoea.

Aliruhusiwa kutoka jeshini mwezi wa Novemba 2019 kwa sababu ya afya, akarudi Lusangi, akakitundika kisu ukutani juu ya kitanda, na Krismasi ilipofika, katekista Zacharie akaja na mbuzi wake kama ilivyokuwa zamani, akaambiwa na Faridah kwamba baba Dieudonnée anaumwa. Alikuja tena Pasaka, akaja tena sikukuu nyingine, na kwa kuwa urafiki wao ni wa tangu shule ya msingi akamtania akiwa amesimama mlangoni na kamba mkononi, "Ajida, huyu mbuzi atazeeka, atapata pensheni mbele yako." Heri alicheka, lakini kisu hakukigusa. Shehe mmoja wa Kasongo alimweleza kwa upole kwamba askari aliyelinda barabara hana lawama na mkono wake ni halali, padri akamweleza kwa upole ule ule kwamba amkabidhi Mungu jambo lile, naye akawashukuru wote wawili, akawaambia wanamjibu kwa niaba ya Mungu, lakini hakuna anayemjibu kwa niaba ya yule kijana.

Na hapa ndipo jambo la mtu mmoja lilipogeuka kuwa jambo la kijiji kizima, kwa maana mzee aliyechinja badala yake miaka ya jeshi alikuwa amefariki, hakuna mwingine aliyetaka kumpokonya ajida kazi ya baba yake, na sikukuu haingoji. Krismasi ya mwaka 2020 Wakristo walichinja wenyewe wakapika upande wa kanisa, na Waislamu, ili watoto wao wasibaki wakinusa tu, wakachinja mbuzi wao wakapika upande wa msikiti, hakukuwa na ugomvi wala neno baya, lakini watoto walisimama pale katikati na majani yao ya mgomba mkononi, hawajui waende wapi, mpaka kila mmoja akaitwa na mama yake. Heri aliliona hilo kutoka barazani kwake, Faridah anasema hakula siku ile, alijua kwamba dhamiri yake imewagawa watu ambao baba yake aliwakusanya kwa kisu kile kile, na bado hakuona njia ya kukishika.

Asubuhi ya Krismasi iliyofuata, tarehe 25 Desemba 2021, moto ulikuwa umewashwa kwa ajili ya maji, pande mbili kama mwaka uliopita, mbuzi wawili wamefungwa bado, na mama Cécilia, ambaye macho yake yalikuwa yamezimika, alikuwa ameketi kando ya Heri akiota jua, akainua pua akanusa huku, akanusa na huku, akauliza, "Heri, ninasikia moshi mbili. Umenileta kijiji gani?" Heri akamjibu kwamba hapa ni Lusangi, mama, hatujatoka nyumbani. Mama akasema, "Lusangi iko na moto moja. Unirudishe kwetu," akaanza kuinuka, akipapasa hewa kwa mkono akitafuta njia.

Basi Heri alimshika, akamketisha, na hapo, mbele ya mama na ya mke wake, akasimulia mambo ya barabara ya Salamabila, ya uzi wenye hirizi na msalaba, akamaliza kwa kusema kwamba hata jina la mtoto yule halijui, ataanzaje kumwombea. Mama hakulia, alikaa akiisugua rozari yake kati ya vidole, kisha akamkumbusha kitu ambacho kila mtoto wa hapa anakijua kabla hajajua kuhesabu, akasema, "Mugeni hatumuulize jina kama hajakula. Huyo mutoto alikufikia bila jina. Umupe kwanza sahani, jina atakuambia mbele ya Mungu."

Heri aliingia ndani, akakitoa kisu ukutani, akakipeleka kijitoni, na wale waliokuwapo wanakumbuka alivyopita katikati ya uwanja akiwaomba wanawake wa pande zote mbili wasogeze makaa yao, akina mama wakayabeba juu ya vipande vya mabati wakichekeana na kusukumana, Zacharie akaja na mbuzi wake akinyamaza kwa mara ya kwanza maishani mwake, na Heri akasimama kimya kwa muda ambao wengi walidhani amesahau maneno, kisha akalitaja jina la Mungu kwa sauti ambayo mama yake aliisikia kutoka barazani. Nyama ilipoiva, kabla ya mzee yeyote kupakuliwa, akajaza sahani ya kwanza akampa Faridah aipeleke barabarani kwa mpita njia yeyote, na aliyepita alikuwa bwana Paluku, mfanyabiashara kutoka Butembo akielekea Salamabila kwa pikipiki, ambaye aliitazama ile nyama, akamtazama Faridah, akasema hajaagiza kitu, akauliza ni kwa bei gani, akajibiwa kwamba ni ya mgeni, ale kwanza.

Tangu siku ile, Idi kwa Idi, Krismasi kwa Krismasi, sahani ya kwanza ilitoka, kwa wachimba dhahabu, kwa wauza mafuta ya mawese, kwa watu ambao hatukuwaona tena, na wengi wenu mlidhani ni ukarimu wa mzee aliyestaafu, na ulikuwa ukarimu kweli, lakini leo mnajua ilikuwa sahani ya nani. Mama Cécilia alifariki tarehe 8 Mei 2023, akiwa kijijini kwake, penye moto mmoja.

Ugonjwa wa figo ulimwanza marehemu mwezi wa Novemba 2024, akatibiwa hapa, akapelekwa Kasongo mara kadhaa, akapata nafuu akarudi kumfundisha mwanawe Iliasi kunoa kisu mbali na macho ya mbuzi, na mwezi wa Agosti mwaka huu hali ikawa nzito. Akiwa hospitalini aliwaita Faridah na dada yake Dorothée, akasema maneno ambayo ndiyo jibu tulilomwahidi shangazi, "Siku yangu musimwage damu ya kitu chochote. Ruhusa nimeomba ya kutosha. Lakini sahani ya mugeni itoke." Alituaga Kasongo, Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, adhana ikiwa inaanza, akiwa na umri wa miaka hamsini na moja, akimwacha mjane, watoto watatu, dada yake, kaka yake, na rafiki wengi wa sare na wa jembe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kasongo ambao walimhudumia kwa subira mchana na usiku, inamshukuru bwana Déo na askari wenzake waliochangia dawa na kumpigia simu kila Ijumaa na kila Jumapili, inamshukuru katekista Zacharie ambaye jana, pamoja na vijana wa msikiti, alishika koleo akachimba kaburi lililoelekea kibla, akisema kwamba ajida amempa kazi hata leo, na inamshukuru bwana Paluku, aliyeacha biashara yake akamleta marehemu katika gari lake kutoka Kasongo, na tulipotaka kuchangia mafuta akakataa akisema yeye alishakula.

Na tunamshukuru mtu mmoja zaidi, kwa kuwa leo asubuhi maharage yalipoiva Victoire alibeba sahani ya kwanza mpaka barabarani, akamkuta mwanamume anayesukuma baiskeli yenye madumu ya mawese, akampa, yule baba akala akiwa amesimama, akamaliza, akauliza huu ni msiba wa nani, na alipoambiwa akaegemeza baiskeli yake, akaja, ameketi pale nyuma karibu na Zacharie, na sasa kwa kuwa amekula, baada ya mazishi tutamwomba jina lake.

Mdogo wetu Heri, mtoto wa Jumamosi, makaa yamesogezwa, sahani imetoka, moto ni mmoja, pumzika kwa amani.